Lubumbashi: Kijana wa Kamalondo anayetaka kuwa muuguzi aanzie wapi?

Wakaaji wa Lubumbashi wakisikia jina la Kamalondo, wengi hufikiri kwanza uwanja wa TP Mazembe uliofunguliwa mwaka wa 2011, ao muziki na nyama ya kuchoma ya jioni. Lakini asubuhi na mapema komini hii ina sura nyingine. Kutoka Njanja hadi Kitumaini, vijana hutoka kwenye lupango wakiwa na blusi nyeupe iliyokunjwa ndani ya mfuko. Ni wanafunzi wa uuguzi wanaokwenda staji. Wazazi wao wamelipa minervali, wamenunua blusi na viatu, na nyumbani kila mtu anangojea siku ile mtoto atakapoleta mshahara wa kwanza.

Siku hiyo inaweza kuchelewa sana. Sababu si kukosa wagonjwa, kwani wagonjwa hawajawahi kukosa. Wengi huingia katika njia hii bila kujua ina milango mingapi, kila mlango unafunguka kwa karatasi gani, na ni nani hasa anayemlipa muuguzi katika inchi hii. Kijana anayejua mambo hayo matatu mapema huokoa miaka, na mzazi wake huokoa feza.

Jina lililo juu ya mlango wa hospitali

Hospitali kuu ya serikali mjini Lubumbashi inaitwa Jason Sendwe. Watu husema tu “Sendwe”: mtoto amelazwa Sendwe, mama amezalia Sendwe. Wengi wanajua kwamba alikuwa mwanasiasa, kiongozi wa chama cha Balubakat, na makamu wa waziri mkuu katika serikali ya Cyrille Adoula kuanzia mwaka wa 1961. Vijana wengi hawajui kwamba kabla ya siasa mtu huyo alikuwa mfanyakazi wa hospitali.

Sendwe alizaliwa mwaka wa 1917 katika eneo la Kabongo. Alisoma katika shule za Wamethodisti, naye alitamani kuwa daktari. Wakati ule jambo hilo halikuwezekana kwa Mkongo, kwani koloni haikuwa na chuo kikuu. Lovanium ilifungua milango Léopoldville mwaka wa 1954 tu, na chuo kikuu cha Élisabethville kikafuata mwaka wa 1956. Sendwe alipita pale palipokuwa na nafasi. Alifundisha, alihubiri, aliuguza wagonjwa, halafu akaingia shule ya Léopoldville iliyotoa wasaidizi wa madaktari. Hiyo ndiyo ilikuwa ngazi ya juu ambayo Mkongo angeweza kufikia katika matibabu. Aliuawa Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, Juni 1964.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Kongo haikuwa na daktari Mkongo aliyetoka chuo kikuu. Madaktari wengi Wabelgiji walipokimbia miezi iliyofuata, ni wauguzi na wasaidizi wa madaktari waliobaki na wagonjwa. Wasaidizi zaidi ya 100 walitumwa Ufaransa kwa msaada wa OMS ili wamalize masomo na kuwa madaktari. Ndiyo sababu katika inchi hii muuguzi hakuwa kamwe mtu wa kubeba sahani nyuma ya daktari. Katika fasi nyingi, yeye ndiye matibabu yenyewe. Kijana anayechagua kazi hii leo anarithi uzito huo, hata kama hakuuomba.

Milango miwili, si mmoja

Watu husema “anasoma uuguzi” kana kwamba ni kitu kimoja. Kongo inapanga wauguzi kwa ngazi zinazojulikana kwa herufi na namba: A2, A1 na A0. Ngazi ya A3 ya zamani, ile ya wasaidizi, bado inapatikana kwa wazee waliokaribia kustaafu, lakini si njia ya kijana wa leo.

Mlango wa kwanza ni ITM, shule ya ufundi wa matibabu ya kiwango cha sekondari. Mwanafunzi huingia akiwa kijana mdogo, baada ya kumaliza darasa la 8, na husoma miaka 4. Shule hizo ziko chini ya wizara ya Afya, si chini ya wizara inayosimamia shule nyingine za sekondari. Mwishoni kuna mtihani wa jiri ya taifa, na anayefaulu hupata diploma ya A2. Karatasi hiyo humruhusu kufanya kazi, na pia humfungulia njia ya masomo ya juu.

Mlango wa pili ni ISTM, chuo cha juu cha ufundi wa matibabu. Lubumbashi ina chake, cha serikali. Hapo huingia mwenye diploma ya serikali, awe ametoka ITM ao shule nyingine. Katika mpango wa zamani, miaka 3 ilitoa gradua, ndiye A1, na miaka 2 mingine ilitoa lisansi, ndiye A0. Tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022 vyuo vikuu vya Kongo viliingia katika mpango wa LMD: lisansi sasa ni miaka 3 ya kwanza, na masta ni miaka 2 inayofuata. Mzazi aliyezoea maneno ya zamani anapaswa kuuliza vizuri, kwani neno “lisansi” la leo si lile la jana.

Mlango upi ni bora? Inategemea mfuko na haraka ya nyumbani. Familia isiyoweza kulipa masomo marefu mara nyingi huona heri A2: kijana anaanza kazi mapema, halafu anaendelea ISTM polepole akiwa tayari na mkono kwenye kazi. Wengi waliofika mbali walipita hivyo. Aliye na diploma ya serikali tayari hana sababu ya kurudi nyuma kuanza ITM; mlango wake ni ISTM. Hasara kubwa ni ya yule anayeanza njia moja, anaiacha katikati, na kuanza nyingine.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Shule za afya zimekuwa nyingi mijini, Lubumbashi pia. Kibao kizuri kwenye ukuta na blusi nyeupe havitoshi. Kabla ya kutoa hata franka moja, mzazi na kijana wanaweza kufika kwenye shule wakiwa na maswali manne.

La kwanza: shule ina ruhusa ya serikali, na ruhusa hiyo inahusu tawi gani? Shule inaweza kuwa na ruhusa ya uuguzi bila kuwa na ya ukunga ao maabara. La pili: wanafunzi wangapi walipelekwa kwenye jiri mwaka uliopita, na wangapi walifaulu? Shule ya kweli haiogopi swali hilo. La tatu: staji inafanyika hospitali gani, na shule ina mapatano ya maandishi na hospitali hiyo? La nne: gharama zote kwa mwaka ni ngapi, yaani minervali, staji, jiri, na karatasi za mwisho? Wengi hujua minervali tu, halafu wanakwama mwaka wa mwisho kwa sababu ya malipo ambayo hawakuyahesabu.

Jibu la swali la kwanza halipaswi kutoka shuleni peke yake. Ofisi za afya za jimbo ziko Lubumbashi, na mzazi anaweza kwenda kuuliza huko. Safari hiyo ya asubuhi moja inaweza kumlinda mtoto asije akabaki na diploma ambayo hakuna anayeitambua.

Staji ndiyo inayomfunua mtu

Wanafunzi wengi hugundua kwenye staji kama kazi hii ni yao ao si yao. Darasani kuna picha na majina ya Kifaransa. Kwenye chumba cha wagonjwa kuna harufu, kuna kilio, kuna mzee anayekataa kuoshwa na mtu wa umri wa mjukuu wake. Mwanafunzi anajifunza kupima tansiyo, kuweka serumu, kufunga kidonda, kubadilisha shuka bila kumwumiza mgonjwa. Anajifunza pia jambo ambalo halina saa yake kwenye ratiba ya darasa: kumwambia mama, kwa Kiswahili cha nyumbani, yale aliyosoma kwa Kifaransa.

Jambo hili si dogo. Masomo yote yanafanyika kwa Kifaransa, na faili za wagonjwa pia. Lakini mama wa Kamalondo hatasema kwamba mtoto ana “deshidratasio”. Atasema mtoto amelegea, macho yameingia ndani, hakojoi. Muuguzi mzuri anasikia maneno hayo na kujua maana yake mara moja. Halafu anarudisha jibu kwa maneno ambayo mama atayakumbuka akifika nyumbani: kiasi gani cha maji ya chumvi na sukari, mara ngapi, na dalili gani ikionekana arudi mbio.

Mwanafunzi mwenye akili huitumia staji kwa namna mbili. Kwanza, hukaa karibu na muuguzi anayefanya kazi vizuri, si karibu na yule anayeacha wanafunzi wapumzike. Pili, huangalia anapojisikia nyumbani: kwa watoto, kwa wazazi, kwa upasuaji, kwenye maabara, ao kwenye kazi ya mtaani ya chanjo na maji safi. Baadaye atakapoulizwa achague tawi la masomo, atakuwa tayari amejibu.

Wavulana wasione haya katika jambo hili. Wakati wa ukoloni wauguzi wengi Wakongo walikuwa wanaume, na hata leo mwanamume muuguzi si ajabu kwa mtu yeyote mjini.

Siku ambayo mtu wa A2 anaitwa “munganga”

Inchi imegawanywa katika maeneo ya afya zaidi ya 500, na Kamalondo ni mojawapo ya maeneo ya Lubumbashi. Kila eneo lina hospitali yake ya kupokea wagonjwa wazito, na chini yake kuna vituo vya afya vilivyo karibu na watu. Hospitalini kuna madaktari. Kwenye kituo cha afya, mkubwa mara nyingi ni muuguzi. Kifaransa humwita infirmye titileri, na watu wa kazi husema tu “IT”. Wagonjwa wao humwita munganga ao dokta, na hawaulizi kama ana diploma ya udaktari.

IT hupokea wagonjwa, hupima malaria kwa kipimo cha haraka, huandika dawa, husimamia uzazi wa kawaida, huhesabu chanjo, hutunza sanduku la feza, hufanya ripoti ya kila mwezi, na huongoza wenzake. Kwa kazi ya matibabu ana miongozo ya wizara inayomwonyesha hatua kwa hatua. Mtoto mwenye homa asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, ao aliyelala bila kuamka vizuri, hana haja ya kubaki pale. Anapaswa kupelekwa hospitali mara moja.

Hapo ndipo kijana anapimwa kweli. Kujua dawa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua mwisho wa uwezo wake na kukubali kusema: “Huyu apelekwe.” Kuna familia zinazomwomba amalize tu hapohapo, kwani hospitali ni gharama. Kuna pia haya ya kuonekana kwamba hajui. Muuguzi aliyefundishwa vizuri hakubali kushindwa na haya hiyo, kwani saa mbili zinaweza kuamua kama mtoto atapona.

Nani anamlipa?

Hili ndilo swali ambalo watu hawapendi kulijibu shuleni. Muuguzi wa kituo ao hospitali ya serikali anaweza kupata feza kutoka mifuko mitatu. Wa kwanza ni mshahara wa serikali. Wa pili ni primu ya hatari, nayo pia hutoka serikalini. Wa tatu ni primu ya hapohapo, yaani sehemu ya malipo ya wagonjwa ambayo wafanyakazi hugawana mwisho wa mwezi.

Anayeanza mara nyingi huwa na mfuko wa tatu peke yake. Ili apate mshahara lazima aingizwe kwenye orodha ya serikali na apewe namba ya matrikule, jambo ambalo watu huita “kumekanizwa”. Kuna wauguzi wanaofanya kazi miaka mingi kabla ya namba hiyo kufika. Wengine hupata primu ya hatari kwanza, mshahara baadaye. Malalamiko hayo yamekuwa sababu ya migomo mingi ya wauguzi wa inchi nzima katika miaka iliyopita. Pia yanaeleza mambo ambayo mgonjwa huyaona bila kuyaelewa: muuguzi anayefanya kazi fasi mbili, ao anayefungua duka dogo la dawa nyumbani.

Kijana anayeanza afanye nini? Wengine hukubali kituo cha serikali ili wajifunze na wawe karibu siku orodha itakapofunguliwa. Wengine hutafuta hospitali za kampuni, kama ile ya Gécamines ao ya SNCC, za makanisa, ao kliniki za watu binafsi. Wengine huelekea kwenye migodi ya Likasi, Fungurume na Kolwezi, ambapo kampuni huajiri wauguzi kwa ajili ya wafanyakazi wao. Kila njia ina bei yake. Kwenye kliniki mshahara unaweza kufika kwa wakati, lakini kazi inaweza kukatwa kesho. Kwa serikali feza inachelewa, lakini mwenye matrikule ana fasi yake. Kila afanyalo, atunze nakala za barua zake zote: barua ya kupelekwa kazini, barua ya kuanza kazi, na vyeti vya mafunzo. Siku ya kuhakikisha majina, asiye na karatasi hana sauti.

Kuna karatasi nyingine ambayo wengi huisahau. Sheria ya mwaka wa 2016 iliunda Chama cha Taifa cha Wauguzi, kinachojulikana kama Ordre des infirmiers. Kuandikwa humo si mapambo. Ndiko kunakotofautisha muuguzi na mtu aliyevaa blusi tu, na humlinda mgonjwa pamoja na muuguzi mwenyewe yanapotokea matatizo.

Kujilinda ni sehemu ya kazi

Mwaka wa 1995 Ebola ilipoingia Kikwit, wagonjwa 315 waliandikwa, na 80 kati yao walikuwa wafanyakazi wa afya: mtu mmoja kwa kila wanne. Somo hilo lililipiwa kwa damu, na linabaki kweli hata kwa magonjwa ya kila siku. Lubumbashi inajua kipindupindu kinachorudi mara kwa mara wakati wa mvua. Mikono isiyonawiwa kati ya mgonjwa mmoja na mwingine hubeba ugonjwa bila kuchagua.

Mwanafunzi apate chanjo ya hepatiti B, sindano zote tatu, mapema iwezekanavyo. Akichomwa na sindano iliyotumika, asifiche kwa kuogopa kugombezwa: dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanza haraka, na baada ya saa 72 hazitegemewi tena. Aombe glavu kabla ya kugusa damu, hata kama mkubwa wake hazivai.

Njia inagawanyika mbele

Baada ya miaka miwili ao mitatu ya kazi, muuguzi huanza kuona barabara zake. Anaweza kurudi ISTM na kuchagua uuguzi wa hospitali, watoto, ukunga, ao afya ya jamii. Anaweza kujifunza kutoa dawa ya usingizi kwenye upasuaji. Anayependa kufundisha anaweza kufuata tawi la ualimu na uongozi wa uuguzi, ambalo hutoa walimu wa ITM na wakubwa wa wauguzi hospitalini. Anayependa mpango na safari anaweza kuwa muuguzi msimamizi kwenye ofisi ya eneo la afya, akizunguka kituo kwa kituo.

Wengine hutazama nje. Zambia iko karibu, ng’ambo ya Kasumbalesa, lakini huko kazi ni ya Kiingereza na lazima muuguzi aandikishwe na baraza la wauguzi la inchi hiyo. Ulaya pia hudai diploma ilinganishwe kwanza. OMS inakadiria kwamba mwaka wa 2023 dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8, na bado walipungua milioni 5.8. Kwa hiyo kazi ipo duniani, lakini haimpokei mtu asiye na karatasi safi tangu mwanzo.

Kwa kijana wa Kamalondo, mwanzo hauko mbali hivyo. Shule za sekondari hufungua mlango Septemba, na vyuo vya juu hufuata. Kabla ya hapo kuna wiki za kutosha za kutembelea shule mbili ao tatu na kuuliza maswali yale manne. Akifika Sendwe siku ya kwanza ya staji, blusi ikiwa bado na mikunjo ya mfuko, atapita chini ya jina la mtu aliyetamani kuwa daktari, akaanza na kazi iliyokuwapo, na kuifanya. Ndani, mgonjwa wa kwanza atamwita munganga kabla hajajua kupima tansiyo vizuri. Ni juu yake kujifunza mpaka jina hilo limfae.